Ayrton Senna

Ayrton Senna da Silva (São Paulo, Brazil, 21 Machi 1960 – Bologna, Italia, 1 Mei 1994) alikuwa dereva wa mbio za magari kutoka nchini Brazil. Alikuwa bingwa wa dunia wa Formula One, mashindano yanayojulikana kwa Kiswahili kama langalanga, mara tatu: 1988, 1990 na 1991, zote akiwa na timu ya McLaren. Katika mbio 161 alizoanza alishinda 41, na mara 65 alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia.

Kabla ya kufika huko alipitia ngazi za chini za mbio za magari ya kiti kimoja barani Ulaya. Msimu wake wa mwaka 1983 katika Formula 3 ya Uingereza ni mmoja kati ya misimu inayokumbukwa zaidi katika ngazi hizo. Alishinda mbio tisa za kwanza mfululizo, kisha akakaribia kuupoteza ubingwa, kwa sehemu kubwa kwa kuwa hakukubali kumaliza wa pili. Kasi hiyo na ukaidi huo viliendelea kuonekana katika miaka yake yote ya langalanga.

Maisha ya awali

Senna alizaliwa katika familia yenye uwezo mjini São Paulo. Baba yake, Milton da Silva, alikuwa mfanyabiashara. Mama yake aliitwa Neide Senna. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Dada yake mkubwa ni Viviane na mdogo wake ni Leonardo.

Alipokuwa na umri wa miaka minne baba yake alimtengenezea gari dogo la karti lililotumia injini ya mashine ya kukatia nyasi. Alianza kushindana rasmi mwaka 1973, akiwa na miaka 13, katika uwanja wa Interlagos mjini kwao. Inasimuliwa kwamba baada ya kufanya vibaya katika mbio moja ya utotoni iliyofanyika kwenye mvua, alijizoeza kutoka na karti yake kila mvua iliponyesha. Baadaye alitambuliwa kuwa mmoja wa madereva bora kabisa kwenye barabara yenye maji.

Mwaka 1977 alikuwa bingwa wa karti wa Amerika ya Kusini. Kuanzia mwaka 1978 alishiriki mashindano ya dunia ya karti. Alimaliza wa pili mwaka 1979 na tena mwaka 1980, lakini ubingwa huo hakuwahi kuupata.

Kuhamia Uingereza

Wakati huo dereva kijana aliyetaka kufika kwenye langalanga alishauriwa kwenda Uingereza, kwa kuwa huko kulikuwa na viwanda vya magari ya mbio, timu nyingi na mashindano karibu kila wikiendi. Wabrazil wenzake walikuwa wamepita njia hiyo. Emerson Fittipaldi alifika Uingereza mwaka 1969 na kuwa bingwa wa dunia mwaka 1972 na 1974. Nelson Piquet alishinda Formula 3 ya Uingereza mwaka 1978, na mwaka 1981 akawa bingwa wa dunia.

Senna alihamia Uingereza mwaka 1981 pamoja na mke wake, akaishi karibu na mji wa Norwich. Aliendesha gari la Van Diemen katika Formula Ford 1600, ngazi ya kwanza ya magari ya kiti kimoja. Mwaka huohuo alishinda mashindano mawili ya ubingwa ya ngazi hiyo. Hata hivyo, msimu ulipoisha alitangaza kwamba anaacha mbio na kurudi Brazil, ambako familia ilitaka ashiriki katika biashara ya baba yake.

Hakukaa nyumbani muda mrefu. Mapema mwaka 1982 alirudi Uingereza peke yake, na ndoa yake ikavunjika. Mwaka huo alishinda ubingwa wa Uingereza na ule wa Ulaya katika Formula Ford 2000. Katika kipindi hicho alianza kutumia jina la ukoo wa mama yake, Senna, kwa sababu jina la da Silva ni la kawaida sana nchini Brazil.

Formula 3 wakati huo

Formula 3 ilikuwa ngazi ambayo wakuu wa timu za langalanga waliifuatilia kwa karibu. Magari yalikuwa madogo na mepesi, yenye injini za lita 2. Kanuni zililazimu hewa yote inayoingia kwenye injini ipite katika tundu dogo, ili nguvu za magari zisitofautiane sana. Kwa hiyo dereva hakuweza kutegemea injini peke yake. Alihitaji kujua kurekebisha springi, mabawa na matairi, na kutopoteza mwendo kwenye kona, kwani mwendo uliopotea ulichukua muda mrefu kurudi.

Katika mashindano ya Uingereza mshindi alipewa pointi 9, wa pili 6, na wa tatu 4. Dereva aliyezunguka kwa kasi kuliko wote aliongezewa pointi 1.

Mwaka 1983 Senna alijiunga na timu ya West Surrey Racing iliyoongozwa na Dick Bennetts, mtaalamu kutoka New Zealand. Timu hiyo ilikuwa imempatia Jonathan Palmer ubingwa mwaka 1981. Mpinzani wake mkuu alikuwa Mwingereza Martin Brundle, wa timu ya Eddie Jordan. Wote wawili waliendesha gari la aina moja, Ralt RT3 lenye injini ya Toyota.

Msimu wa 1983

Msimu ulikuwa na mbio 20 na ulianza mwezi Machi katika uwanja wa Silverstone. Senna alishinda mbio hiyo, kisha akashinda nane zilizofuata katika viwanja vya Silverstone, Thruxton, Donington na Brands Hatch. Waandishi wa habari walilichezea jina la Silverstone na kuuita uwanja huo Silvastone, kwa kulichanganya na jina lake la da Silva.

Silaha yake kubwa ilikuwa mizunguko ya mwanzo. Wakati wengine walisubiri matairi yapate joto, yeye alienda kwa kasi yote tangu kona ya kwanza, na mara nyingi alikuwa mbali kabla mzunguko wa pili haujaisha. Brundle alimaliza wa pili mara nyingi katika kipindi hicho, lakini pointi zake ziliendelea kuongezeka.

Mambo yalibadilika mwezi Juni. Mbio ya kumi, huko Silverstone, iliunganishwa na mashindano ya Formula 3 ya Ulaya. Senna na Brundle waliamua kutumia matairi ya kundi la Ulaya badala ya yale waliyoyazoea. Brundle alishinda, na Senna akatoka nje ya barabara akijaribu kwenda sawa naye. Kwa mara ya kwanza mwaka huo ilionekana wazi kwamba Senna anaweza kushindwa.

Wiki moja baadaye, huko Cadwell Park, Senna aligonga wakati wa mazoezi na gari likaharibika kiasi kwamba hakuanza mbio. Mwezi Julai, huko Snetterton, alijaribu kumpita Brundle mahali palipokuwa na nafasi ndogo, akaishia nje. Mwezi Agosti, huko Oulton Park, alijaribu tena. Magari yaligongana, na la Senna likasimama juu ya lile la Brundle.

Katika baadhi ya mbio hizo nafasi ya pili ingempa pointi 6 na kumweka karibu na ubingwa bila hatari kubwa. Senna hakuhesabu hivyo. Alipokuwa nyuma ya gari lingine alijaribu kulipita, na mara kadhaa alirudi bila pointi yoyote. Brundle, aliyekuwa mbali sana nyuma mwezi Mei, alipunguza tofauti mbio baada ya mbio. Kabla ya mbio ya mwisho alikuwa mbele ya Senna kwa pointi moja.

Mbio ya mwisho ilifanyika Thruxton mwezi Oktoba. Senna alipeleka injini yake Italia kwa mafundi wa Novamotor ili itengenezwe upya. Katika mbio yenyewe, kwa mujibu wa simulizi la timu, waliziba kwa utepe sehemu ya kupozea mafuta ya injini ili mafuta yapate joto mapema na gari liwe na nguvu zaidi katika mizunguko ya kwanza. Senna alitakiwa kuuondoa utepe huo akiwa njiani. Kwa kuwa mkono haukufika, alifungua mkanda wa usalama huku gari likienda kasi, akaubandua, kisha akahangaika kuufunga tena mkanda. Alishinda mbio hiyo na kuwa bingwa. Alikuwa ameshinda mbio 12 kati ya 20.

Mwezi Novemba alishinda pia mbio ya mitaani ya Makau, ambayo mwaka huo ilifanyika kwa mara ya kwanza kwa magari ya Formula 3. Roberto Guerrero wa Kolombia alikuwa wa pili na Gerhard Berger wa Austria wa tatu.

Senna na Brundle waliingia kwenye langalanga pamoja mwaka 1984. Brundle alianza mbio 158 bila kushinda hata moja, ingawa mwaka 1990 alishinda mbio ya saa 24 ya Le Mans. Baadaye alikuwa mtangazaji maarufu wa mbio za magari katika televisheni ya Uingereza.

Langalanga

Senna alianza na timu ndogo ya Toleman. Pointi yake ya kwanza aliipata barani Afrika, katika uwanja wa Kyalami nchini Afrika Kusini, alipomaliza wa sita mwezi Aprili 1984. Mwezi Juni, huko Monako, alimkaribia Alain Prost wa Ufaransa kwenye mvua kubwa, lakini mbio ikasimamishwa kabla hajampita. Senna akawa wa pili.

Mwaka 1985 alihamia Lotus, na mwezi Aprili alipata ushindi wake wa kwanza huko Estoril, Ureno, pia kwenye mvua. Mwaka 1988 alijiunga na McLaren akiwa pamoja na Prost. Timu hiyo ilishinda mbio 15 kati ya 16, nane kati ya hizo zikiwa za Senna, naye akapata ubingwa wake wa kwanza.

Uhusiano wake na Prost uliharibika haraka. Mwaka 1989 waligongana huko Suzuka, Japani. Senna aliendelea na kumaliza wa kwanza, lakini akaondolewa kwenye matokeo na Prost akawa bingwa. Mwaka 1990, palepale Suzuka, Senna alimgonga Prost kwenye kona ya kwanza, na safari hii ubingwa ukawa wake. Mwaka uliofuata alikiri kwamba alifanya makusudi. Watu waliokumbuka ajali za mwaka 1983 waliona kwamba tabia hiyo haikuanzia kwa Prost.

Mwaka 1991 alishinda kwa mara ya kwanza nyumbani, Interlagos, akiwa amebakiwa na gia moja tu, ya sita, katika mizunguko ya mwisho. Alishinda Monako mara sita.

Kifo

Mwaka 1994 Senna alihamia timu ya Williams. Mbio ya tatu ya msimu ilifanyika Imola, Italia. Siku ya Ijumaa Mbrazil mwenzake Rubens Barrichello alipata ajali mbaya lakini akapona. Jumamosi, tarehe 30 Aprili, Roland Ratzenberger wa Austria alifariki katika mbio za kutafuta nafasi za kuanzia. Jumapili, katika mzunguko wa saba, gari la Senna liliacha barabara kwenye kona ya Tamburello na kugonga ukuta. Alifariki siku hiyo hospitalini Bologna, akiwa na umri wa miaka 34. Ndani ya gari lake ilikutwa bendera ya Austria, ambayo alikusudia kuipeperusha baada ya mbio kwa heshima ya Ratzenberger.

Mashtaka yaliyohusu mhimili wa usukani wa gari lake yalijadiliwa katika mahakama za Italia kwa miaka mingi. Nchini Brazil serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na umati mkubwa ulijitokeza barabarani São Paulo kumsindikiza. Alizikwa katika makaburi ya Morumbi.

Urithi

Baada ya vifo vya Imola kanuni za usalama ziliimarishwa, viwanja vikabadilishwa na magari kuongezewa kinga kwa dereva. Hakuna dereva mwingine wa langalanga aliyefariki kutokana na ajali ya wikiendi ya mashindano hadi Jules Bianchi wa Ufaransa, aliyeumia Japani mwaka 2014 na kufariki mwaka 2015.

Mwezi Novemba 1994 dada yake Viviane alianzisha Instituto Ayrton Senna, taasisi inayosaidia elimu ya watoto na vijana nchini Brazil. Senna alikuwa amezungumza naye juu ya wazo la kuwasaidia watoto wa nchi yao kabla ya kifo chake.