Ishirō Honda: askari aliyerudi toka vita na kumuleta Godzilla

Vijana wengi wanamujua Godzilla kupitia filme za Marekani: munyama mukubwa anatoka baharini, anavunja majumba, jeshi linamupiga, watu wanashangilia. Lakini mutu aliyetengeneza filme ya kwanza ya Godzilla hakutaka watu washangilie. Ni Mujapani, Ishirō Honda, na mbele ya kujulikana alikuwa askari.

Honda alizaliwa mwaka wa 1911 katika jimbo la Yamagata, Japani. Baba yake alikuwa kuhani wa dini ya Buda. Alisomea sinema kwenye chuo kikuu, na mwaka wa 1933 akapata kazi katika studio ambayo baadaye iliitwa Toho. Akiwa kazini akafanya urafiki na Akira Kurosawa, naye akawa mutengenezaji mukubwa wa filme.

Kazi ya Honda ilikatwa-katwa sababu jeshi lilimuita mara tatu. Alipelekwa China, na vita ilipoisha alikuwa mufungwa kule. Aliporudi mwaka wa 1946 alipita Hiroshima, muji ulioteketezwa na bomu ya atomiki ya Marekani tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Bomu ile inagusa hata Congo: sehemu kubwa ya uraniumu yake ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Honda hakusahau alichokiona.

Mwezi wa tatu 1954, Marekani ilijaribisha bomu nyingine pale Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Majivu yenye sumu yakaangukia mashua ya wavuvi Wajapani, na mumoja wao akafa mwezi wa tisa. Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, filme ya Godzilla ikatoka.

Wamarekani walikuwa na filme zao za wanyama wakubwa. King Kong, ya 1933, anapigwa na ndege za vita mpaka anaanguka. Katika filme ingine ya 1953, munyama anaamshwa na bomu ya atomiki, kisha askari anamuua kwa risasi yenye sumu ya nguvu ileile. Shida inaletwa na silaha, na dawa yake ni silaha.

Honda alifuata njia ingine. Kwake Godzilla ni kama bomu yenyewe inayotembea. Kamera haikimbilie vita tu. Inaingia hospitali, inaonyesha watoto walioumia na mama anayekumbatia watoto wake akingoja kufa. Mwisho, mwenye elimu mumoja anamuua Godzilla kwa silaha aliyoivumbua, lakini anachoma maandishi yake na kufa pamoja nayo, ili mutu yeyote asiitumie tena. Hakuna sherehe. Muzee mumoja anawaza kwamba majaribio ya bomu yakiendelea, Godzilla mwingine atakuja.

Mwaka wa 1956 filme ile ilifika Marekani ikiwa imebadilishwa. Walikata sehemu nyingi, wakaongeza mwandishi wa habari Mumarekani anayesimulia. Maneno kuhusu bomu yakapunguzwa, na lile onyo la mwisho likatolewa. Badala yake wakaweka tumaini kwamba dunia sasa iko salama.

Honda aliendelea kutengeneza filme za aina hiyo, kama Rodan na Mothra, hata ile ya 1962 ambamo King Kong anapigana na Godzilla. Katika uzee wake alirudi kumusaidia rafiki yake Kurosawa. Alikufa tarehe 28 mwezi wa pili 1993.

Miaka mitano baadaye, Wamarekani walitengeneza Godzilla wao. Safari hii kosa liliwekwa kwa majaribio ya bomu ya Ufaransa, na munyama akauawa kwa makombora ya ndege. Ni mwaka wa 2004 tu ndipo filme ya Honda ilizungushwa katika masinema ya Marekani vile alivyoitengeneza, na lile onyo la mwisho likiwa ndani yake. Yeye mwenyewe alikuwa kaburini tangu miaka 11.