Hamed bin Muhammed na Mzigo wa Kwanza

Katika Waislamu wa zamani waliozifikia pande hizi za ziwa Mweru, hakuna aliyevuma kama Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, kadiri ya mwaka 1837. Alipopata miaka 12 alitoka safari ndogo za biashara ya sandarusi, pamoja na nduguye na wajomba zake. Wakubwa walichukua bidhaa nyingi. Yeye akachukua kidogo, kwa kuwa alikuwa mtoto. Mwaka mzima akaenda hivyo, akijifunza thamani ya kitu kwa jasho lake. Malezi hayo yalikuwa mema, na ndiyo yafaayo kusimuliwa watoto wa Chisenga.

Ya baadaye yana uzito mwingine. Mwaka 1867, katika nchi ya Itawa, alimshinda Nsama kwa bunduki, akatwaa pembe frasila 1,950, na shaba pia. Hayo hayakuchumwa kama sandarusi. Na watu nao walifanywa mali.

Alifariki Unguja, Juni 1905, akiwa tajiri wa mashamba. Watumwa walioyalima, sheria ya mwaka 1897 ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango.