Bwana Lewis na Nukta Nane

Nilipokuwa mwalimu wa kemia huko Homa Bay, na baadaye Migori, mbali na kwetu Mombasa, mwanafunzi mmoja alinishinda kwa swali. Nilikuwa nimewakaririsha darasa zima kwamba chumvi, hii hii inayovunwa kwetu Gongoni na Ngomeni, ni sodiamu na klorini. Yeye akataka kujua vitu hivyo viwili vimeshikanaje. Nikabaki kimya, chaki mkononi. Usiku ule nilikesha na kitabu mbele ya kandili, na humo ndimo nilimokutana na jina la Gilbert Newton Lewis. Leo, ndugu msomaji, nakuletea habari zake.

Lewis alizaliwa Oktoba 1875 huko Weymouth, Massachusetts, Marekani, na akakulia Nebraska, ambako alisomeshwa zaidi nyumbani. Mwaka 1899 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Ugenini naye aliuonja: mwaka 1904 alikwenda Manila, Ufilipino, kusimamia mizani na vipimo. Tangu 1912 alihamia Berkeley, California, na huko ndiko alikodumu.

Jambo lake kubwa lilianzia darasani. Mwaka 1902, akitafuta njia ya kuwaelewesha wanafunzi, alichora atomu kama sanduku lenye pembe nane, na kila pembe mahali pa elektroni moja. Mchoro huo aliuweka miaka 14. Mwaka 1916 ndipo alipoitangazia dunia fikra yake, pamoja na njia nyepesi ya nukta.

Njia yenyewe ni hii. Elektroni za tabaka la nje, ziitwazo za valensi, ndizo zifanyazo kazi ya kuunganisha. Andika alama ya atomu, kisha izungushie nukta, moja kwa kila elektroni ya nje. Sodiamu ina moja. Klorini ina saba. Sodiamu huitoa ile moja, klorini ikatimiza nane. Hapo moja huwa na chaji chanya na nyingine chaji hasi, zikavutana: ndiyo chumvi. Katika maji hapana mwenye kutoa moja kwa moja. Oksijeni yenye nukta sita hushirikiana jozi moja moja na hidrojeni mbili. Oksijeni hupata nane, na kila hidrojeni hutosheka na mbili.

Asubuhi yake nilichora ubaoni safu ya mashimo nane. Bao letu la Pwani lina safu za nane, na ajua ya Wajaluo vivyo hivyo. Nikatia kete saba, nikaacha shimo moja tupu. Kabla sijasema neno, yule mwanafunzi akasimama akaijaza nafasi ile.

Lewis alipendekezwa zaidi ya mara 40 kwa Tuzo ya Nobel, asiipate. Irving Langmuir, aliyeieneza na kuipanua fikra ile, aliipata mwaka 1932 kwa kazi nyingine. Lewis alifariki dunia tarehe 23 Machi 1946, akiwa na miaka 70, ndani ya maabara yake Berkeley.

Tuzo hakuipata, lakini nukta zake zimo madaftarini mwa watoto wetu, kutoka Lamu hadi Migori. Nami nilijifunza kutoona haya mbele ya swali la mwanafunzi.