Leo Fender: fundi wa redio aliyetutua mzigo wa besi

Hebu nikuulize. Ushawahi kushuka ule mteremko wa feri pale Likoni saa kumi na moja jioni, watu wamebanana, mikokoteni inapiga kelele kwa nyuma, halafu wewe una gitaa la besi mgongoni na amplifaya ya kilo thelathini mkononi? Mimi ndo maisha yangu. Naishi Mtongwe, mazoezi ya bendi yako Bombolulu. Maanake ni matatu hadi feri, feri, halafu matatu nyingine mpaka daraja la Nyali na kuendelea. Makanga akiona ile amplifaya anaitisha nauli ya watu wawili, na ukweli ni kwamba ana haki.

Amplifaya yenyewe niliinunua na pesa ya karo iliyobaki nilipoacha chuo. Mamangu anaiita jokofu. Mwezi uliopita jokofu hilo lilinichelewesha harusi moja, nikafika bibi harusi keshaingia, mpiga kinanda anapiga besi kwa mkono wa kushoto. Malipo yangu yakakatwa nusu. Usiku huo, badala ya kulala, nikaanza kusoma habari za mtu mmoja anaitwa Leo Fender, na tangu hapo sijamaliza kumfikiria. Kama wewe pia unapiga besi, au unataka kuanza na unadhani lazima uwe na chombo kikubwa ndo uheshimike, kaa hapa kidogo.

Leo alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909, California, Marekani, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Akiwa na miaka minane alipata uvimbe kwenye jicho la kushoto, likatolewa, akawekewa jicho la kioo. Akiwa kijana wa miaka kumi na tatu hivi aliona redio iliyotengenezwa kwa mkono kwenye karakana ya jamaa wa familia yao aliyekuwa fundi umeme wa magari. Ikampagawisha. Akaanza kutengeneza redio nyumbani.

Sasa utadhani alienda chuo kusomea umeme. Wapi! Alisomea uhasibu. Umeme alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua na kufunga. Akafanya kazi ya kuandika vitabu vya hesabu, kisha uchumi wa Marekani ukaanguka miaka ya 1930, kazi ikapotea. Mwaka 1938 akakopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio pale Fullerton. Duka la fundi, kama zile za Magongo ambapo redio zimepangwa hadi mlangoni na huwezi jua ipi imepona.

Wanamuziki wakawa wanakuja. Huyu amplifaya yake inakoroma, yule anataka kukodi spika za hafla. Leo anatengeneza, anasikiliza. Na hapa kuna jambo linaloshangaza watu wengi: huyu bwana hakujua kupiga gitaa. Kabisa. Hata kulitekenya gitaa liwe sawa ilikuwa shida, ilibidi amwite mwanamuziki ajaribu kila anachounda. Mimi nilipolisoma hilo nilicheka, halafu nikaona ndo siri yenyewe. Fundi asiyepiga hana mazoea ya kutetea. Ukimwambia kitu ni kizito, anaamini ni kizito.

Mwaka 1945 alianza na mshirika wake, Doc Kauffman, kuunda magitaa ya kulaza mapajani. Mwaka uliofuata Kauffman akaogopa madeni, akatoka. Leo akabaki. Mwaka 1950 akatoa gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mtupu, lile ambalo baadaye lilikuja kuitwa Telecaster. Shingo lake halikugundishwa, lilifungwa kwa skrubu nne. Likiharibika unalitoa, unaweka jingine. Hiyo ni akili ya fundi wa redio.

Sasa tufike kwenye besi, maana ndiko roho yangu iko.

Zamani hizo besi ilikuwa ile kubwa, inasimama kumshinda mpigaji, umbo kama fidla iliyokula ikavimbiwa. Ukivuka hadi Unguja bado utaikuta kwenye taarab asilia, na inanoga vibaya sana. Lakini fikiria uko kwenye bendi ya kusafiri. Ndani ya gari haiingii pamoja na watu, kwa hivyo inafungwa juu ya paa. Mvua, jua, mashimo. Ukifika, ngoma na magitaa ya umeme yanaimeza, hakuna anayekusikia. Unataka kuimba? Kipaza sauti kiko kule, wewe uko huku umekumbatia kabati. Tena haina vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, kwa hivyo mpiga gitaa hawezi kuichukua tu akaipiga. Kidole kikikosea kidogo, noti imepotea.

Malalamiko hayo yote Leo alikuwa ameyasikia dukani. Mwishoni mwa 1951 akatoa Precision Bass. Nyuzi nne, zimetekenywa kama za besi kubwa, lakini sasa unavaa kama gitaa. Ile kubwa, urefu wa uzi unaopigwa hufika kama inchi 42. Leo alijaribu vipimo, akasimama kwenye 34. Akaweka vile vyuma shingoni ili kila noti iwe mahali pake, ndo maana ya jina Precision, yaani usahihi. Mwaka 1952 akatoa na amplifaya yake, Bassman, kwa sababu besi ya umeme bila amplifaya ni ubao.

Lazima niseme ukweli: hakuwa wa kwanza. Miaka ya 1930 kule Seattle, Paul Tutmarc alishaunda besi ya umeme ya kuvaliwa, ikaitwa Audiovox. Haikushika. Ya Leo ndo ilishika, na iliposhika, ilishika kwelikweli.

Mmoja wa waliokuja nayo mapema ni Monk Montgomery, ndugu yake Wes, yule mpiga gitaa wa jazi. Monk alikuwa mtu wa besi kubwa, na alipoingia bendi ya Lionel Hampton akapewa hii ya Fender. Mwanzoni haikumfurahisha, aliiona kama si chombo cha mtu mzima. Kisha akaizoea, na mwaka 1953 akazunguka nayo Ulaya. Miaka ya baadaye wanamuziki wa Marekani walikuwa wakisema Fender wakimaanisha besi yoyote ya umeme, kama vile sisi tunavyosema Omo hata kama sabuni ni ya kampuni nyingine.

Yaliyofuata nitayapitisha mbio. Stratocaster 1954, Jazz Bass 1960. Bassman nayo ikapendwa na wapiga gitaa kuliko wapiga besi, hadi London Jim Marshall alipoanza kuunda amplifaya zake, ya kwanza aliifuatiza hiyo.

Halafu mwili wa Leo ukamchosha. Alikuwa na maambukizi yasiyopona, akaamini hana muda mrefu. Januari 1965 akaiuza kampuni yake kwa CBS, dola milioni 13. Mwaka uliofuata ikatoka besi ndogo, Mustang, uzi wake inchi 30 tu. Kisha akapata daktari mwingine, akapona! Sasa jiweke mahali pake. Umeuza jina lako ukidhani unakufa, kisha unaamka mzima, na jina liko kwenye mlango wa watu wengine.

Angeweza kukaa ufuoni. Alirudi kwenye meza ya kazi. Mwaka 1976, akiwa na Music Man, ikatoka StingRay, besi yenye betri ndani ya kuipa sauti nguvu. Baadaye akaanzisha G&L na rafiki yake George Fullerton. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, mikono inatetemeka, na bado anaenda kazini. Alifariki tarehe 21 Machi 1991, na hakuwa ameacha kufanya kazi.

Sasa nirudi kwetu. Baada ya kuyasoma haya nilijiuliza swali ambalo Leo angeniuliza kama ningeingia dukani kwake: nini hasa kinakusumbua? Sio besi. Besi yangu ina kilo nne, naiweka mgongoni ndani ya mfuko wa kitambaa wenye mikanda miwili, hakuna noma. Kinachoniua ni jokofu. Na jokofu silihitaji! Chumbani nikifanya mazoezi majirani wanagonga ukuta. Kwenye kumbi nyingi na hoteli kuna mashine ya sauti tayari, unahitaji kisanduku kidogo tu cha kupitishia besi iingie moja kwa moja humo. Kwa mazoezi kuna vile vidude vya kuchomeka kwenye besi yenyewe na kusikiliza kwa hedfoni, vinatumia betri ndogo, vinaingia mfukoni. Ukitaka amplifaya kabisa, siku hizi zipo za kilo mbili au tatu zinazotoa sauti ya ukumbi, ila spika utaikuta huko huko.

Na kama vidole vyako ni vifupi au unasafiri kwa basi la usiku, usione haya kununua ya inchi 30. Watakucheka kwamba ni ya watoto. Hata Monk alifikiri hivyo kuhusu ile ya 34. Kuna na wanaofungua zile skrubu nne, shingo na mwili vikaingia kwenye begi la nguo, ila fanya hivyo ukiwa na bisibisi yako na saa nzima ya kulitekenya upya.

Jokofu nimeliweka sokoni. Kuna jamaa wa Changamwe amelipenda, anakuja Jumamosi. Ameniuliza kama naweza kumletea hadi kwake. Nimemwambia aje mwenyewe, tena aje na mtu wa kumsaidia kubeba.