Mwalimu Nyerere na miezi 18 ya kufunga mkanda

KIWANDA cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, pigo halikuishia langoni mwake. Mishahara ilipokoma, muuza mboga, fundi wa viatu na mwenye nyumba za kupangisha, kutoka mjini hadi Matulo, walipoteza wateja. Mwaka huohuo, serikali ya Kenya ilitenga Sh22 bilioni katika bajeti ili kuuchangamsha uchumi.

Je, ni lini serikali inapaswa kumwaga fedha, na ni lini ifunge mfuko? Katika Afrika Mashariki, swali hilo halikumwandama kiongozi yeyote kama lilivyomwandama Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 kijijini Butiama, akiwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, akaenda Makerere, na hatimaye Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alikohitimu mwaka 1952. Miaka miwili baadaye aliongoza kuundwa kwa chama cha TANU, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Kwa Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki na viwanda vikubwa viliwekwa mikononi mwa umma. Serikali ikawa mwajiri mkuu, mnunuzi wa mazao na mjenzi wa shule, zahanati na visima. Kufikia mwisho wa miaka ya 70, watoto wengi mno wa umri wa kwenda shule walikuwa darasani, na watu wazima kwa mamilioni walikuwa wamejifunza kusoma.

Hata hivyo, mapato hayakwenda sambamba na matumizi. Ukame wa kati ya 1973 na 1975 uliilazimu nchi kununua chakula ng'ambo. Mashirika mengi ya umma yalikula kuliko yalivyozalisha, nao wakulima, kwa kulipwa bei duni, wakapunguza mazao ya kuuza nje. Bei nzuri ya kahawa ilileta nafuu fupi. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Idi Amin akavamia Kagera Oktoba 1978, na bei ya mafuta ikapaa. Vita vilipomalizika, Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18.

Miezi hiyo haikutosha. Serikali iliziba pengo la bajeti kwa kukopa benki, fedha zikazidi bidhaa, na bei zikapanda. Bidhaa zilizowekewa bei rasmi, kama vile sabuni na sukari, zilitoweka madukani na kuibukia kwa walanguzi.

Shirika la Fedha Duniani, IMF, lilikuwa tayari kukopesha kwa masharti: shilingi ishushwe thamani, matumizi ya serikali yapunguzwe na udhibiti wa bei ulegezwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona heri kuafikiana nalo. Mwalimu alikataa, naye Mtei akajiuzulu mwaka 1979. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba mzigo huo ungemwangukia maskini.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini kuchelewa nako kulikuwa na gharama yake. Bila fedha za kigeni viwanda vilikosa vipuri na malighafi, na zile shule na zahanati alizozitetea zikakosa vitabu na dawa. Mkanda ulikaza wenyewe, bila mpango.

Bajeti ya 1984 ilianza kugeuza mwelekeo. Thamani ya shilingi ilishushwa, ruzuku ya unga wa mahindi ikaondolewa. Novemba 1985 Mwalimu alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwaka uliofuata aliafikiana na IMF. Bidhaa zilirudi madukani na uchumi ukaanza kukua. Lakini ada pia zilirudi shuleni na hospitalini, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001.

Mwalimu hakuishi kuliona hilo. Alifariki London Oktoba 14, 1999 na kuzikwa Butiama. Alikuwa na haki kuuliza ni nani atakayebeba mzigo wa kubana matumizi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba hazina iliyokauka ingemsubiri apate jibu.