Siti binti Saad: sauti ya Fumba iliyokwenda Bombay, na njia iliyoifikisha kwenye simu yako

Wiki iliyopita tulipiga wimbo wa Siti binti Saad kwenye kipindi cha usiku, na ujumbe ukaanza kuingia kabla wimbo haujaisha. Wengine mlifurahi. Wengine mlilalamika kwamba redio zinakwaruza, na mmoja akauliza kama mvua imeharibu mnara wetu. Redio zenu ni nzima na mnara uko salama. Mkwaruzo ule umo ndani ya wimbo wenyewe, na umri wake unakaribia miaka 100. Niliahidi hewani kwamba nitaeleza kwa maandishi huyu mama alikuwa nani na sauti yake ilifikaje kwenye kompyuta ya studio. Ahadi ni deni, basi tuanze.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani huko Unguja, karibu mwaka 1880. Jina alilopewa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa, na halikuwa jina la utani. Wazazi wake walikuwa na asili ya Bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, na walikuwa watumwa. Sheria ya kufuta utumwa Zanzibar ilitoka mwaka 1897, Mtumwa akiwa msichana wa miaka 17 hivi. Shule hakwenda, wala kuandika hakujifunza. Alichojifunza nyumbani ni ufinyanzi.

Vyungu vya Fumba viliuzwa mjini. Mtumwa alivibeba, akavitembeza mitaani na kuvinadi kwa kuimba. Wateja waliisikia sauti kabla ya kuviona vyungu, na si ajabu wengine walitoka nje kumsikiliza wakiwa hawana haja ya chungu. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja.

Taarab wakati huo haikuwa ya watu kama yeye. Ililetwa kutoka Misri zama za Sultani Barghash, ikaimbwa ndani ya kasri kwa Kiarabu. Baadaye wakatokea mabwana wa mjini walioanzisha chama chao, Ikhwani Safaa, mwaka 1905, nacho kilikuwa cha wanaume. Mwanamke wa shamba, mtoto wa watumwa, asiyejua kusoma, angeingilia mlango gani? Siti aliingia kwa koo lake. Wapo waliosikia kipaji wakamfundisha muziki, naye akajifunza kusoma Kurani kwa sauti nzuri na kuimba kwa Kiarabu. Watu wakaacha kumwita Mtumwa wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Kundi lake lilikuwa dogo. Subeti bin Ambari alipiga udi, Mbaruku alipiga fidla ingawa alikuwa kipofu, na walikuwapo Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Waliitwa kwenye kasri na majumba ya matajiri, lakini maskani yao ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikoishi wachukuzi, mafundi na watu waliotoka utumwani. Jioni walikutana nyumbani kwa Siti, majirani wakaja na habari za siku, na habari zikageuka nyimbo. Za Kiswahili. Hilo ndilo lililoibadili taarab: mtu wa kawaida akasikia mambo yake yakiimbwa kwa lugha yake.

Kuna wimbo wake kuhusu mtu aliyeitwa Kijiti. Mtu huyo alimuua mwanamke kisha akatorokea Bara, na walioishia kifungoni ni wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Gazeti lililoandika habari hiyo kwa upande wa wanawake wale ulikuwa wimbo huo. Mwanahistoria akitaka kujua watu wa Ng'ambo waliionaje mahakama ya kikoloni, atapata mengi kwa Siti kuliko kwenye majalada ya serikali.

Sifa huja na maneno. Mahasidi walimtungia nyimbo za kumdhihaki kwamba ametoka shamba na vyungu vyake, sura hana wala nasaba hana. Alijibu kwa wimbo pia, akieleza kwamba uzuri wa sura si hoja bali akili na tabia. Mpaka leo wanaomtukana hatuwajui majina. Jibu lake tunalo.

Na tunalo kwa sababu ya safari ya 1928. Mwaka huo kampuni ya gramafoni ya Uingereza, ile ya His Master's Voice yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe, iliwachukua Siti na wenzake kwenda Bombay, India, mji unaoitwa Mumbai siku hizi. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye santuri. Ilikuwa teknolojia mpya kabisa. Kurekodi kwa maikrofoni ya umeme kulianza mwaka 1925, miaka mitatu tu kabla. Sauti iligeuzwa umeme, umeme ukaitikisa sindano, sindano ikachora mfereji mwembamba kwenye nta. Kutoka kwenye nta wakatengeneza kalibu ya chuma, na kwa kalibu hiyo wakagonga santuri moja baada ya nyingine.

Santuri zile si za plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, gundi inayotolewa na wadudu wadogo wa India, ikachanganywa na unga wa mawe. Ndiyo maana ni nzito na ukiiangusha moja inavunjika kama sahani ya udongo. Huzunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja hubeba dakika 3 hivi. Fikiria taarab iliyozoea kukesha, inabanwa kwenye dakika 3! Nyimbo ilibidi zikatwe, na nyingine ziendelee upande wa pili.

Biashara ilikwenda vizuri kuliko kampuni ilivyotarajia. Siti na wenzake walirudi kurekodi tena, na kampuni nyingine zikaanza kuitazama Afrika Mashariki. Mkahawa wenye gramafoni moja ulitosha mtaa mzima. Santuri zikavuka bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam, zikaingia bara kwenye masanduku ya wafanyabiashara na makarani. Hapo ndipo baadhi yake zilipo hadi leo, kwenye masanduku.

Karibu na mwisho wa uhai wake Siti alitembelewa na Shaaban Robert, ambaye aliandika wasifu wake. Alifariki Julai 1950. Redio ya Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, kwa hiyo hakuwahi kukaa mbele ya maikrofoni ya redio ya nyumbani. Sisi watangazaji hilo hutuuma kidogo. Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kama Bi Kidude, aliwahi kumsikia kwa masikio yake na akaendelea kuimba nyimbo zake mpaka alipofariki mwaka 2013. Baada ya hapo zimebaki santuri.

Na santuri inakufa. Kila ikipigwa kwa sindano ya chuma, sindano inakula kidogo ya mfereji ule wenye sauti. Ndiyo maana maktaba na hifadhi za nyaraka duniani siku hizi hazichezi santuri za zamani kwa kujifurahisha. Huzihamishia kwenye kompyuta. Santuri husafishwa, huwekwa kwenye mashine yenye sindano ya upana wake, kwa sababu sindano ya santuri za plastiki za juzijuzi ni nyembamba na huzama chini ya mfereji, kisha sauti hupimwa mara 96,000 kwa kila sekunde. Vipimo hivyo ndivyo faili. Wimbo wa dakika 3 ukihifadhiwa hivyo unakula megabaiti 100 hivi. Ule unaotumiwa kwenye simu una megabaiti 3 tu, maana umebanwa na mengi yameachwa. Vyote viwili vina kazi yake, lakini hifadhi ikibaki na ule mdogo peke yake imebaki na kivuli.

Kuna jipya zaidi. Mwaka 2000 mwanafizikia wa Marekani, Carl Haber, alisikia kwenye redio (ndiyo, redio!) kwamba rekodi za kale katika maktaba zinaharibika na kuzigusa ni kuzimaliza. Kazi yake ilikuwa kupima njia za chembe ndogo mno kwa kamera. Akajiuliza kwa nini asiupige picha mfereji wa santuri na kuiachia kompyuta ihesabu sindano ingetikisika vipi. Mashine iliyotokana na wazo hilo inaitwa IRENE, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeitumia. Haigusi kitu. Hata santuri iliyopasuka inaweza kutoa sauti tena, kwa sababu inayosomwa ni picha.

Halafu kuna programu za akili mnemba zinazoondoa mkwaruzo. Hapa nina maoni yangu. Nimesikiliza nyimbo za zamani zilizosafishwa kupita kiasi, na pamoja na kelele imeondoka pumzi ya mwimbaji na ukali wa fidla. Programu haijui Mbaruku alipigaje, inakisia. Hifadhi zenye utaratibu hutunza faili lisiloguswa kwanza, ndipo husafisha nakala. Kwa hiyo wimbo tuliopiga tuliuacha na mkwaruzo wake, na nitaendelea kuupiga hivyo.

Lakini kazi ngumu kuliko zote mashine haiiwezi. Makarani wa kampuni waliandika majina ya Waswahili walivyoyasikia. Ukitafuta kwenye orodha za maktaba utakuta Siti na Sitti, binti na bint, na ukikosea herufi moja kompyuta inakwambia hakuna kitu. Maneno mengine ya nyimbo yamefichwa kwa mafumbo ambayo watu wa Ng'ambo wa 1928 waliyaelewa papo hapo. Faili likiwa na sauti safi bila kuelezwa ni nani anaimba, anamsema nani na kwa nini, ni kama chungu kizima kisicho na kitu ndani.

Liko pia swali la mali ni ya nani. Huko Marekani shirika la Internet Archive liliweka mtandaoni mamia ya maelfu ya nyimbo za santuri kama hizi watu wasikilize bure. Mwaka 2023 kampuni kubwa za muziki zikalishtaki, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2025. Kesi ile ilihusu wasanii wao. Sijasikia kesi yoyote inayouliza mjukuu wa mpiga udi wa Ng'ambo anapata nini.

Nimalizie na jambo lililonikuta mimi. Mwaka juzi mzee mmoja, msikilizaji wetu, alinileta nyumbani kwake nione santuri nne za baba yake. Mbili zilikuwa nzima. Ya tatu ilikuwa vipande viwili. Ya nne mjukuu wake alikuwa ameifuta kwa spiriti ili ing'ae, kwa nia njema kabisa, na spiriti huyeyusha shelaki. Uso wote ulikuwa laini kama kioo. Lebo ilisomeka vizuri, wimbo haukuwapo tena.

Mzee akanisimulia kwa saa nzima baba yake alizinunua wapi, nani walikuja kuzisikiliza, wimbo upi ulipigwa marufuku na mama mwenye nyumba na fumbo lake lilimlenga jirani gani. Nilirekodi kila neno. Miezi michache baadaye kompyuta ya kituo nilichokuwa nikifanya kazi ilijaa, tukaambiwa tufute mafaili ya zamani kupata nafasi ya matangazo ya biashara. Nikafuta. Nilidhani nina nakala kwenye simu. Sikuwa nayo, na mzee alikuwa ameshazikwa.

Basi kama nyumbani kuna santuri, usiifute kwa spiriti wala petroli. Brashi laini ya kutoa vumbi inatosha. Isimamishe wima kama kitabu, usizilaze nyingi zikabebana, na iwe mbali na jua na bati la moto, maana joto huikunja. Iliyovunjika usiigundishe, funga vipande vyake kwenye kitambaa na uvitunze pamoja. Piga picha ya lebo pande zote mbili. Kama yupo mtu mzima anayeujua wimbo, washa kinasa sauti cha simu, taja tarehe, jina lake na mahali mlipo, umwache aseme. Nakala iweke sehemu mbili, moja isiwe kwenye simu hiyo hiyo.

Ukitutumia picha ya lebo, tutaisoma hewani Jumamosi pamoja na jina la kijiji chako, na tutauliza kama yupo mwenye nakala nyingine. Ile santuri ya mzee iliyovunjika vipande viwili sasa iko kwangu, kwenye kitambaa. Upande mmoja lebo imetoka, na nimesikia wapo kina mama wawili kijijini kwake wanaodai wanaukumbuka wimbo wake. Nakwenda huko Jumanne.