Simeoni Nsibambi: Muumini wa Kawaida Aliyebeba Mizigo ya Wengi



Katika kijitabu hiki cha jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu, mtasoma habari za waliotufundisha kuimba na za safari zetu za uinjilisti. Ukurasa huu tumempa mtu ambaye hakuwa mwalimu wa kwaya, wala hakuwa mchungaji. Tumemchagua kwa sababu ya jambo lililotupata wenyewe.

Dada mmoja wa sauti ya pili aliacha kuja mazoezini. Tulimwandikia barua ya onyo, kisha tukamtoza faini kama katiba yetu inavyosema. Ilipita miezi kadhaa kabla hatujajua kwamba ndoa yake ilikuwa imevunjika na hakuwa na nauli ya kufika kanisani. Tulikuwa tumeimba naye miaka sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza hali yake. Tulipomtembelea tulimwomba msamaha, lakini swali lilibaki mioyoni mwetu: je, kazi ya kumsikiliza mtu aliyelemewa ni ya mchungaji peke yake? Maisha ya Simeoni Nsibambi yanatujibu.

Ujana wake

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897 nchini Uganda, katika familia ya machifu wa Buganda. Alisoma Mengo na baadaye King's College, Budo, shule iliyoheshimika sana. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alihudumu katika kikosi cha matibabu cha Waafrika, na baada ya vita alipata kazi nzuri ya afya katika serikali ya Buganda. Alitamani sana kwenda ng'ambo kuendelea na masomo, lakini nafasi hiyo hakuipata. Jambo hilo lilimuumiza. Katika uchungu huo ndipo alipotambua kwamba elimu na cheo bila uzima wa milele havina faida, akamgeukia Kristo. Mwaka 1925 alifunga ndoa na Eva Bakaluba.

Mkutano wa Namirembe

Mwezi wa Septemba 1929 alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Daktari huyo alikuwa amefika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, kwa sababu Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali. Nsibambi alikuwa amesimama na pikipiki yake juu ya kilima cha Namirembe. Wote wawili walikuwa na kiu ileile, na kwa siku mbili waliketi pamoja wakachunguza Biblia juu ya Roho Mtakatifu na kuomba.

Hebu tutazame jambo hili. Mmoja alikuwa Mzungu, daktari na mmisionari. Mwingine Mwafrika, tena chini ya ukoloni. Walakini kila mmoja alimfungulia mwenzake moyo wake. Kutokana na siku hizo mbili, wengi huhesabu mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Baada ya hapo Nsibambi aliacha kazi yake ya serikali. Alianza kumwuliza kila aliyekutana naye kama ameokoka, na wako waliodhani amerukwa na akili. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akawa mhubiri mwenye moto hadi alipofariki Januari 1936.

Jinsi alivyoshauri

Nsibambi hakuwahi kuwekewa mikono kuwa kasisi. Kazi yake kubwa aliifanya na mtu mmoja mmoja.

Mfano mzuri ni Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi Waafrika katika hospitali ya Gahini. Kazi ilikuwa imeharibika, wafanyakazi hawaelewani, na Kinuka alitaka kuondoka. Akatumwa Kampala akakae na Nsibambi. Nsibambi alimwuliza habari za hospitali, naye Kinuka akamweleza malalamiko yake yote. Baada ya kumsikia, Nsibambi alimwambia waziwazi kwamba shida ilianzia ndani ya moyo wa Kinuka mwenyewe. Maneno hayo yalikuwa machungu. Lakini katika safari ndefu ya kurudi Rwanda yalimfanyia kazi, akajitoa kwa Kristo. Alirudi Gahini mtu mwingine, na baadaye akawa mmoja wa viongozi wa Uamsho.

Kuanzia miaka ya 1940 Nsibambi alidhoofika kiafya, akawa anakaa nyumbani kwake karibu na Namirembe. Mtu angedhani huduma yake imekwisha. Kumbe watu ndio walioanza kumfuata. Walikuja kutoka mbali wakiwa na mizigo yao, akaomba nao, akawashauri na kuwakemea ilipobidi. Aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 1978. Mwanawe Apolo baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uganda.

Uamsho ulipofika kwetu

Mwaka 1937 ndugu kutoka Rwanda na Uganda walileta ujumbe huu Kabete, na kutoka hapo ukaenea katika makanisa mengi ya Kenya. Wazee wetu wanawakumbuka ndugu wa ushirika, wale walioitwa Waganda Balokole, yaani waliookoka. Walikutana kila wiki kusoma Neno, kuungama na kuombeana. Mwenye deni alirudisha, waliokosana walipatana, na vijana wa kuoa waliwaendea ndugu kwanza kupata ushauri.

Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Kuungama mbele ya watu kuliwaletea wengine aibu, na mara nyingine dhambi ya mmoja ilifichua siri ya mwingine ambaye hakuwepo. Kwa hiyo nasi tunajifunza pia kutokana na makosa hayo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kumsikiliza mtu hakuhitaji cheo. Mchungaji wetu anahudumia makanisa kadhaa na hawezi kuwa kila nyumba. Hapa Kitengela wengi wetu ni wageni waliokuja kutafuta kazi. Shangazi na babu wa kutushauri wako mbali. Ndugu zetu Wamaasai wa Kajiado wanajua thamani ya wazee kuketi chini ya mti hadi jambo liishe. Sisi tuliokuja tunawahitaji watu wa kuketi nasi.

Pili, tusikie kwanza, ndipo tuseme ukweli. Nsibambi hakumbembeleza Kinuka, lakini alimpa muda wake.

Tatu, siri ya mtu ni amana. Tuliyoambiwa na mwenzetu tusiyageuze kuwa ombi la hadhara wala habari ya kwenye simu.

Nne, tujue mipaka yetu. Aliye mgonjwa, anayepigwa nyumbani au anayefikiria kujidhuru, tumsindikize hospitalini au kwa wenye ujuzi. Nsibambi mwenyewe alikuwa mtu wa afya kabla ya kuwa mhubiri.

Kwa sababu hiyo, katika mwaka huu wa jubilei kamati imeondoa faini ya kukosa mazoezi. Mwanakwaya akikosa mara mbili, wenzake wawili wa sauti yake watamtembelea. Hawatakwenda na barua. Watakwenda kumwuliza hali na kuomba naye.

Dada yetu amerudi, na leo mtamwona amesimama mstari wa pili. Mungu aibariki kwaya yetu, na atufundishe kubebeana mizigo kama tunavyoimba.

Ni sisi watumishi wenu,
Ofisi ya Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Kwaya, Kitengela